Prosesa Iliyokaa Ikisubiri

Siku zile, mtu akiingia studio ya Tulia, kilichompokea kwanza ni harufu ya siki. Wageni walidhani kuna chupa imemwagika. Hapakuwa na chupa. Harufu ilitoka kwenye kabati la ukutani, na ndani ya kabati hilo mlikuwa na makopo mia mbili na kumi na nne ya filamu.

Filamu ni ule ukanda uliokuwa ukitiwa ndani ya kamera za zamani. Ikizeeka mahali penye joto na unyevu, huanza kunuka siki. Kisha hujikunja. Kisha hukatika vipande vipande. Ikifika hapo, picha zake zimekwenda na maji, na hakuna fundi atakayezirudisha.

Mwenye studio hakupewa jina la Tulia na wazazi wake. Lilikuwa neno lake kwa wateja. Kwa miaka thelathini, kabla ya kubonyeza kamera, alisema, "Tulia! Tulia hapo hapo!" Watu wakamwita hivyo, naye akaitika. Mkewe walimwita Mama Studio. Yeye ndiye aliyefungua mlango asubuhi, aliyepokea wateja, aliyekata picha kwa mkasi na kuzitia kwenye bahasha. Tulia alikuwa fundi kweli kweli, lakini bila mkewe ufundi huo ungelala njaa.

Tulia alikuwa na sheria moja. Picha iliyotikisika haitoki studioni. Mteja akigeuza shingo kidogo tu, picha ile haichapwi. Anapigwa nyingine, bila malipo. Sheria hiyo ilimpa Tulia heshima mtaa mzima. Sheria hiyo hiyo ilimwachia mkewe donda.

Kifungua mimba wao alikuwa binti. Walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Alipotimiza miaka minne, baba yake alimkalisha kwenye kiti cha studio. Filamu ilikuwa imebaki nafasi moja. Tulia akabonyeza. Mtoto akatikisika.

"Imeharibika hii," Tulia alisema. "Wiki ijayo nitakupiga nyingine, mwanangu."

Wiki ijayo haikumkuta. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Walizaa watoto wengine wawili, wakakua, mmoja akaoa na mmoja akaolewa, na picha zao zilijaa ukutani. Ya Chiriku haikuwapo. Kulikuwa na ile moja tu iliyotikisika, ambayo haikuchapwa kamwe. Ilikuwa kwenye filamu isiyoandikwa jina, ndani ya kopo mojawapo la kabati lile. Mama Studio hakujua ni kopo lipi. Alijua tu kwamba siki ilikuwa ikizidi.

Njia ya kuokoa picha ilikuwapo. Unalaza filamu kwenye skana, skana inaisoma kwa mwanga, picha inaingia kwenye kompyuta. Skana walikuwa nayo. Waliinunua kwenye studio iliyofungwa. Kompyuta yao ya zamani ndiyo iliyokata roho, na fundi alisema isisumbuliwe, iachwe ipumzike.

Basi wakauza mashine kubwa ya kuchapia picha na taa mbili za studio. Kikundi cha maigizo kilizinunua. Pesa ile ilikuwa ya mara moja. Hakukuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa kamera na viti.

"Baba, tumchukue Bisibisi twende naye dukani," Mama Studio alisema.

Bisibisi alikuwa fundi wa kompyuta, mlango wa tatu kutoka studio. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, asiye na haraka. Wenzake huweka kalamu nyuma ya sikio. Yeye aliweka bisibisi. Mama Studio alimpenda kama mdogo wake, ndiyo maana Tulia akawa shemeji.

"Bisibisi?" Tulia alicheka. "Juzi juzi tu alikuwa anatengeneza redio. Mama, mimi nimenunua vifaa maisha yangu yote. Kanuni ni moja. Lenzi kwanza! Pesa yako yote itie kwenye lenzi. Hayo mengine ni mabati."

Kwa kamera, hakukosea. Lenzi nzuri kwenye kamera ya kawaida hutoa picha nzuri. Lakini kompyuta si kamera, na Tulia hakuuliza. Mtu mwenye ujuzi wa kazi moja huona aibu kuwa mwanafunzi wa kazi nyingine, na aibu hiyo huwa na bei yake.

Dukani walikuta masanduku, waya na vioo vya kompyuta vimepangwa hadi juu. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu.

"Karibuni. Mnataka kompyuta ya kazi gani?"

"Picha," Tulia alijibu. "Sasa niambie, kwenye kompyuta kitu kikuu ni kipi? Yaani kama lenzi kwenye kamera."

Muuzaji alifikiri. "Labda prosesa, mzee. Ndiyo ubongo wake. Ndiyo inayofanya hesabu zote."

"Basi nipe prosesa kubwa kuliko zote."

"Kubwa kuliko zote? Mzee, ni picha za namna gani hasa? Maana..."

"Kijana, nimesema picha. Nipe kubwa."

Muuzaji akaacha kuuliza. Biashara haigombi. Alileta kijisanduku kidogo chenye prosesa, na kijisanduku hicho kikala mafungu sita kati ya kumi ya pesa yao. Kwa mafungu manne yaliyobaki ilibidi waokoteze. Walichukua mazabodi, ule ubao ambao vifaa vyote hupachikwa, ya bei ya chini. Walichukua RAM ya giga nne. Walichukua diski iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine. Mwisho wakachukua pawa saplai isiyo na jina la mtengenezaji. Kioo wangetumia kile cha zamani.

Mama Studio aliinyanyua ile pawa saplai. Ilikuwa nyepesi kama kopo tupu.

"Hiki si ndicho kinachogawa umeme kwa vyote?" aliuliza. "Mbona hakina uzito?"

"Umeme ni umeme, mama," Tulia alisema. "Twende."

Siku ya kwanza kompyuta iliwaka, na Tulia akapiga makofi. Siku ya pili walianza kazi. Mama Studio alilaza filamu kwenye skana, Tulia akakaa mbele ya kioo. Picha ya kwanza iliingia. Ya pili ikaingia kwa kusuasua. Ya tatu, kompyuta ikaganda. Mshale haukusogea. Ndani ya sanduku kitu kilikuwa kikikwaruza, kikiacha, kikikwaruza tena.

"Inafikiri," Tulia alisema.

Ilifikiri dakika kumi na mbili kwa picha moja. Filamu moja ina picha thelathini na sita. Siku nzima ikaisha kwa filamu moja.

Mama Studio aliinuka. Alikwenda kwenye kabati akahesabu. Kila kopo lilikuwa na filamu tano. Makopo mia mbili na kumi na nne ni filamu elfu moja na sabini. Kwa filamu moja kwa siku, bila kupumzika, ni karibu miaka mitatu. Alifungua kopo moja la chini akanusa. Machozi yalimtoka, na si kwa sababu ya siki peke yake.

Wiki moja ilipita hivyo. Kisha siku ya nane, mchana kweupe, kompyuta ilizima yenyewe katikati ya kuhifadhi. Umeme wa nyumba haukukatika. Taa zilikuwa zinawaka. Walipoiwasha tena, picha zote za siku ile hazikufunguka.

"Si neno," Tulia alisema. "Tunarudia."

Mama Studio aliitoa filamu kwenye kishikio chake ili airudishe kuisomesha upya. Ikakatika mkononi. Alijaribu kuishika kwa ncha za vidole, ikakatika tena. Ilikuwa filamu ya seremala wa ng'ambo ya barabara, aliyepigwa picha na kaka yake. Huyo kaka alishazikwa. Seremala alikuwa akipita kila Ijumaa kuuliza kama picha zake zimepatikana.

Mama Studio aliviweka vile vipande mezani, mbele ya mumewe.

"Leo ni ya seremala," alisema. "Kesho itakuwa ya mwanangu."

"Mama, kila filamu ina zamu yake."

"Siki haingoji zamu." Alivisogeza vile vipande karibu naye. "Nisikilize. Miaka ishirini na sita sijakuuliza kwa nini hukuichapa picha ile. Sikukulaumu. Nilijua nawe umeumia. Lakini sura ya mtoto inanitoka. Nafumba macho, naona gauni, uso siuoni. Naogopa. Nataka kumwona Chiriku kabla hajaoza mara ya pili. Namwita Bisibisi."

Jina la Chiriku lilikuwa halitajwi ndani ya studio. Tulia aliviangalia vipande vya filamu. Alikuwa amezoea kuwa ndiye anayejua, na sasa alijua kwamba hajui.

"Mwite," alisema.

Bisibisi alikuja na mkoba wake. Alinusa, akatazama kabati, akatazama vipande vya filamu mezani. Mzaha aliokuja nao aliuacha mlangoni.

"Pole, dada. Pole, shemeji."

Tulia alianza kufungua skrubu za sanduku ili amwonyeshe prosesa yake.

"Acha kwanza," Bisibisi alisema. "Sifungui kitu bado. Fungua picha moja, nione inavyofanya."

Tulia akafungua picha. Kompyuta ikaganda kama kawaida yake. Bisibisi alingoja, kisha akabonyeza vitufe vitatu. Kikatokea kidirisha kinachoonyesha kila kifaa kinatumika kiasi gani.

"Nisomee hapa, shemeji. Prosesa?"

"Sita kwa mia."

"RAM?"

"Tisini na nane kwa mia."

"Diski?"

"Mia kwa mia."

"Haya. Nani anavuja jasho hapa, na nani amekaa kitako?"

Tulia alisogea karibu na kioo. Alisoma tena namba zile, moja moja. "Prosesa," alisema polepole. "Prosesa ndiyo imekaa."

"Imekaa inasubiri. Wala si mvivu, maskini. Haijaletewa kazi."

Bisibisi alivuta kiti. Aligonga meza ya kukatia picha.

"Chukulia RAM ni meza hii. Picha unayoifungua inawekwa hapa juu ili ifanyiwe kazi. Diski ni lile kabati. Humo ndimo vitu vinahifadhiwa. Sasa picha za skana yako ni kubwa. Meza yako ya giga nne imejaa kwa picha mbili. Ya tatu ikija, kompyuta inalazimika kurudisha ya kwanza kabatini. Ukiitaka, inaifuata tena. Nenda rudi, nenda rudi. Na kabati lenyewe ni la zamani, mlango wake mzito. Fundi wako mkubwa uliyemlipa mafungu sita anakaa anaangalia."

"Lakini nilinunua kilicho bora!"

"Ulinunua kimoja kilicho bora. Kidole kimoja hakivunji chawa, shemeji."

Mama Studio alicheka, kicheko kifupi. Hakuwa amecheka tangu wiki ile ianze.

Bisibisi aliinamisha sikio kwenye sanduku. "Nyamazeni. Mnasikia inavyogonga? Ko, ko, kisha kimya. Hiyo ni diski inayoaga. Picha mlizokwisha kuziingiza ziko wapi?"

"Humo humo," Tulia alisema.

"Hamna nakala nyingine?"

Tulia alitikisa kichwa. Bisibisi alitoa diski ndogo ya kuchomeka kutoka mkobani mwake. "Basi kabla ya yote, tunanakili. Kitu kilicho mahali pamoja tu, hesabu kwamba umeshakipoteza." Ilichukua saa nzima. Faili mbili hazikukubali kutoka.

Baadaye aliizima kompyuta, akachomoa waya, akafungua sanduku. Aligusa pawa saplai na nyuma ya mkono, akautoa haraka.

"Hii ndiyo iliyowazimia. Prosesa kubwa inataka umeme mwingi. Hii imeandikwa uwezo isio nao. Inapozidiwa, inazima. Mshukuru Mungu imezima tu. Nimeziona zilizoondoka na mazabodi, na diski, na kila kitu. Pawa saplai haionekani kwenye picha, haisifiwi na mtu, lakini ndiyo chakula cha nyumba nzima. Usibane hapo."

Mama Studio alimtazama mumewe. Angeweza kusema. Aliona mabega yake yalivyoshuka, akaacha.

"Sasa tunafanyaje?" Tulia aliuliza. "Pesa imekwisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hizi filamu hazingoji."

"Pesa haijaisha. Imekaa mahali pamoja. Kuna mchora ramani za majumba mtaa wa pili. Kompyuta yake ina meza kubwa na kabati jipya, kazi yake inahitaji hesabu nyingi, na prosesa yake ni ndogo. Yeye ndiye wa prosesa hii. Atakulipa pungufu kidogo ya uliyonunulia."

"Nile hasara?"

"Hasara umeshaila, shemeji. Hapa tunazungumza kama utaramba na sahani."

Safari hii Tulia mwenyewe alitabasamu, ingawa kwa uchungu.

Mchora ramani alikuja siku ya pili, akaitazama prosesa, akalipa. Bisibisi akakaa na Tulia na Mama Studio, akawapa kipande cha karatasi na kalamu.

"Usianze na kifaa. Anza na kazi," alisema. "Andika: kazi yetu ni nini?"

Mama Studio aliandika: *Kusoma filamu. Kusafisha picha. Kuhifadhi picha nyingi sana, zisipotee.*

"Vizuri. Hiyo ya mwisho ndiyo imewaleta hapa, kwa hiyo tuiheshimu. Sasa pesa hii ya mchora ramani tuigawe mafungu kumi. Prosesa ya kati, mafungu mawili. Kwa picha zilizosimama inatosha na kubaki. Hii ninayoisema ina uwezo wa kuonyesha picha kwenye kioo yenyewe, kwa hiyo kadi ya michoro hamhitaji."

"Nilisikia watu wanaisifu sana kadi ya michoro," Tulia alisema.

"Wanaocheza michezo mikubwa, au wanaotengeneza filamu za katuni, hao waisifu. Kazi yao inaitaka. Yenu haiitaki. Mazabodi mliyo nayo nimeiangalia, inaikubali prosesa hii. Hilo huulizwa kabla ya kulipa, maana si kila prosesa inaingia kwenye kila mazabodi. Ina nafasi mbili za RAM. Tutie giga kumi na sita, mafungu mawili."

"Na kabati?" Mama Studio aliuliza.

"Makabati mawili, dada. Moja ni SSD, diski isiyozunguka, yenye kasi. Hiyo ni ya kuwashia kompyuta na kufanyia kazi ya leo. Jingine ni diski kubwa mpya ya kawaida, ya kutunzia. Haina mbio, lakini ina nafasi. Pawa saplai ya mtengenezaji anayejulikana, yenye dhamana ya maandishi. Kinachobaki, usikimalize. Weka. Ndiyo mwanzo wa diski ya tatu ya nje, ya nakala."

"Haya mafungu, ndiyo sheria kwa kila mtu?" Tulia aliuliza.

"Hapana. Mchora ramani mafungu yake mengine, karani mafungu yake mengine. Sheria ni swali. Kabla ya kulipa, jiulize: katika vifaa hivi, ni kipi kitawafanya wenzake wakae wakisubiri? Ukikiona, toa pesa kwenye kilichozidi, itie hapo. Ukiona hakuna anayemsubiri mwenzake kwa muda mrefu, umenunua vizuri."

Walirudi kwenye duka lile lile. Tulia aliomba waende wote watatu. Alikuwa na karatasi mkononi, na aliuliza kila kitu. Hii inaingia kwenye mazabodi yetu? Dhamana ya miezi mingapi? Andika kwenye risiti, tafadhali. Ikiharibika naileta hapa au naipeleka wapi?

Muuzaji alijikuna shingo. "Mzee, siku ile ungeniambia kwamba ni skana na filamu, nisingekuuzia vile."

"Uliniuliza," Tulia alisema. "Mimi ndiye sikukujibu."

Bisibisi alivipachika vifaa mchana ule ule. Tulia alimshikia tochi. Mama Studio alisimama nyuma, mikono kifuani, akiomba kimoyomoyo.

Kompyuta iliwaka. Picha ya kwanza iliingia. Ya pili, ya tatu, ya kumi. Bisibisi alifungua kile kidirisha, akakaa pembeni, akamwachia Tulia asome.

"Prosesa, arobaini kwa mia," Tulia alisema. "RAM, sitini. Diski, thelathini."

"Wote wako kazini," Bisibisi alisema. "Na kila mmoja anapumua."

Dakika kumi na mbili zikawa dakika moja na nusu. Siku iliyofuata walimaliza filamu nane. Mama Studio alipanga makopo upya. Yale yaliyonuka sana yalitangulia, ya mteja na yasiyo ya mteja. Tulia hakupinga. Kila jioni kabla ya kufunga mlango, picha za siku zilinakiliwa kwenye diski ya kutunzia. Mwezi uliofuata waliongeza ile ya nje, ikakaa nyumbani kwa Bisibisi, mbali na studio. Moto au mwizi asingechukua vyote.

Watu walianza kuja. Mwanamke mmoja alimpata mama yake akiwa msichana. Wazee wawili waliipata timu yao ya mpira, wakabishana hadi barabarani nani alikuwa golikipa. Walilipa, na studio ikaanza tena kujilisha. Lakini si kila mtu alipata. Filamu arobaini na moja zilikuwa zimekwisha kuwa makapi. Seremala alipokuja Ijumaa, Tulia alimweleza ukweli bila kuzungukazunguka, akamwomba radhi. Kwamba filamu ilikuwa nzima wiki ile, na kwamba kompyuta aliyoichagua yeye ndiyo iliyoichelewesha. Seremala alishukuru, akaondoka. Tulia hakula mchana ule.

Wiki ya sita, Jumanne, saa nne asubuhi, walifungua kopo lenye kutu. Filamu ya tatu ilikuwa imejikunja. Mama Studio aliinyoosha kwa subira, pole pole, akailaza. Zilikuwa picha za watu wa kawaida: bwana na baiskeli, ndugu wawili na mtoto mchanga. Tulia alifika nafasi ya mwisho, akabonyeza bila kuitazama.

Picha ilijitokeza kidogo kidogo, kutoka chini kwenda juu. Kwanza miguu ya kiti. Kisha miguu miwili midogo isiyofika sakafuni.

Mama Studio alivijua viatu kabla uso haujafika. Alishika ukingo wa meza.

Kisha gauni. Kisha mkono ulioinuliwa, umekuwa ukungu mtupu kwa kutikisika. Kisha uso. Pembe moja ya picha siki ilikuwa imeila, imebaki nyeupe. Uso haikuufikia. Macho yalikuwapo, yanamtazama mtu moja kwa moja. Mdomo ulikuwa wazi.

"Imetikisika," Tulia alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimwambia atulie."

"Alikuwa anaongea," Mama Studio alisema. "Muone. Alikuwa anakuuliza kitu."

Tulia aliweka mkono kinywani. Alilia kama analilia msiba wa jana. Mkewe alimshika begani, naye akalia, huku macho yake hayatoki kwenye kioo. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walitoka nje wenyewe, wakasimama kivulini.

Baadaye Tulia alijifuta uso. Aliihifadhi picha kwenye diski ya kwanza. Akaihifadhi kwenye ya pili. Akaangalia kama imefunguka pote, ikafunguka. Kisha akaipeleka ichapwe, kubwa, na akaitundika yeye mwenyewe kwenye dirisha la mbele, mahali ambapo kwa miaka thelathini alitundika kazi zake bora tu.

Siku chache zilipita. Bibi mmoja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti alisimama dirishani akaiangalia. Alimfahamu Tulia tangu zamani, na aliifahamu sheria yake.

"Mzee Tulia, hii imekuponyoka?" aliuliza. "Mbona imetikisika?"

"Ndiyo, imetikisika," Tulia alisema. "Huyo ni kifungua mimba wangu. Alikuwa anazungumza na mimi."

Akamvutia bibi kiti.